Mahali pa Kuandika Hasara

Juni thelathini, saiba yangu ya Barani,
foleni imetoka mlangoni hadi kwa muuza mahamri,
na mtandao wa kodi unazunguka, unazunguka,
kama kuku aliyekosa pa kutagia.

Wengi ni sufuri. Sufuri ni shilingi hamsini.
Naandika sufuri, nabonyeza, nachapisha,
anayefuata.

Akaja Jefwa, fundi wa friji,
akaketi, akatoa bahasha ya kaki:
kurasa arubaini na moja za simu yake,
kila senti iliyoingia, kila senti iliyotoka.
"Kwani wewe si sufuri?"
"Mwaka jana nilipata," akasema,
kwa sauti ya mtu aliyevunja chungu cha watu.

Laki tatu na arubaini elfu, Februari,
mechi kumi na tatu, timu za miji asiyoweza kuitamka.
Mtaa mzima ulijua. Mbuzi alichinjwa Muyeye.
Mama mkwe alipata miwani.
Kodi yake kampuni ya kubashiri iliikata kabla hajaiona,
kama mwizi mstaarabu anayeacha risiti.

Nikajaza. Ushindi una mahali pake,
kisanduku cheupe, kina mipaka, kinangoja tarakimu.
Nikaandika. Kikageuka kijani.

"Sasa hasara," akasema.
"Hasara gani?"
Akalaza kidole ukurasa wa tatu.

Machi tatu, elfu mbili, saa saba usiku.
Machi tatu, elfu mbili, saa saba na dakika nne.
Machi kumi na moja, karo ya Sidi.
Aprili, gesi ya friji ya Mtaliano wa Kasuarina,
aliyelipa mapema, akaja kukuta samaki wamevimba.
Mei. Mei. Mei.
Ukurasa mzima jina moja tu, la kampuni,
kama tasbihi mkononi mwa aliyesinzia.

Nikajumlisha: laki nne, elfu kumi na nane, mia sita.
Nikashusha skrini, nikaipandisha.
Mshahara una kisanduku. Nyumba ya kupangisha inacho.
Bima inacho.
"Hapa hawaulizi," nikamwambia.
"Wao wanataka ulichopata.
Ulichopoteza ni chako."

Foleni ikaguna. Mtu akapiga mluzi.

"Sitaki wanirudishie," akasema Jefwa,
"hata shilingi. Nataka iandikwe.
Ushindi ulijulikana mpaka Mambrui.
Hii hakuna aijuaye, hata Kadzo,
na Kadzo ndiye aliyeilipa."

Mimi ni mtu wa sufuri, sina majibu ya watu.
Lakini nilifungua ukurasa mtupu,
nikaandika juu, kwa herufi kubwa, HASARA,
tukashuka nao pamoja, yeye akisoma, mimi nikichapa,
tarehe, saa, kiasi,
na pale alipotaka, kitu chenyewe:
karo. Gesi. Pete.
Kwenye pete alinyamaza. Sikuuliza.

Ikapita nusu saa. Walio nyuma wakaacha kulalamika.
Mmoja, kijana wa bodaboda, alikuwa amesogea
akisoma begani kwangu, midomo ikimcheza
kama mtu aliyeokota barua
akakuta jina lake.

Kurasa tatu. Wino ulififia mwezi wa Agosti,
nikatikisa kopo, ukarudi Septemba.
Akaomba nipige muhuri, ionekane ya ofisini.
Muhuri ninao mmoja tu, wa risiti: IMELIPWA.
Nikamwonyesha kwanza.
Akautazama.
"Bado," akasema.

Akazikunja mara nne, akazitia mfuko wa shati
penye bisibisi, akatoa noti ya mia mbili.
Nikamrudishia hamsini; akaishika kidogo,
akaangalia kulia, lilipo duka la mechi,
akapita kushoto.

"Anayefuata!"
Kijana wa boda akaketi, kofia ya chuma mapajani.
"Mimi ni sufuri," akasema.
Nikaanza kuandika.
"Ngoja," akasema. "Ngoja kwanza."